Baba mdogo anauza shamba la marehemu baba, mama abaki wapi? Naombeni ushauri

Kijana wa Nyanda za Juu: Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Baba alifariki mwaka jana kijijini kwetu, Njombe. Ameacha shamba la ekari sita, walilolifyeka yeye na mama likiwa pori. Ndilo linalotulisha: mahindi ya mwaka mzima, na viazi mviringo ndiyo ada za wadogo zangu. Sasa baba mdogo ameleta tajiri wa mjini anayetaka kupanda parachichi. Anadai ardhi ni ya ukoo, mama ni mtu wa kuja tu. Hati hatuna. Wazee wengine wananiambia niwahi kuliandikisha kwa jina langu, maana mimi ndiye mtoto wa kwanza. Nifanyeje?

Mzee wa Baraza: Pole kwa msiba, kijana. Baba yako mdogo si msimamizi wa mirathi, kwa hiyo hana cha kuuza. Fanyeni kikao cha ukoo, muhtasari uandikwe, mkafungue mirathi mahakamani. Wakati huohuo mpelekeeni mtendaji wa kijiji barua kwamba shamba lina mgogoro. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, mtu wa nje hapati shamba kwa kuuziana pembeni, lazima halmashauri ya kijiji iridhie. Nayo imekatazwa kuridhia uhamisho unaomnyima mwanamke haki yake kwenye ardhi.

Tulia77: Mahakama zinavunja ukoo. Mpeni baba mdogo kipande, yaishe.

Binti Mufindi: Tulia77, sikubaliani kabisa. Ukimkatia ekari mbili leo, mwakani anarudi. Shamba la mama yangu mdogo lilikatwa hivyohivyo. Siku hizi ifikapo Februari ananunua mahindi, na zamani alikuwa anauza. Na wewe mleta mada, usiandike jina lako! Liandikwe la mama. Utaoa, utakopa, naye atageuka mgeni kwenye shamba alilofyeka kwa mikono yake. Wakileta zile sheria za mila za 1963 zinazomweka mjane kando, waonyeshe kifungu cha 20 cha sheria hiyo ya vijiji: mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili.

Mpima Mipaka: Hati ya hakimiliki ya kimila, yaani hati ya kumiliki shamba la kijijini, inaombwa kwa halmashauri ya kijiji. Ulizia kwanza kama kijiji kina cheti cha ardhi na mpango wa matumizi ya ardhi. Majirani wa mpakani wataitwa kuthibitisha mipaka, kwa hiyo wale walioshuhudia pori likifyekwa waandikeni majina sasa, wangali hai.

Kijana wa Nyanda za Juu: Asanteni sana. Ila tajiri ameshaingiza trekta upande wa mtoni.

Mzee wa Baraza: Piga picha, usigombane naye. Nendeni Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya 2021 linasuluhisha tu. Siku 30 zikipita bila mwafaka, mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya na kuomba zuio, yaani amri ya kumsimamisha tajiri. Huko wataanza kwa kuuliza nani msimamizi wa mirathi, ndiyo maana nikasema mirathi kwanza. Cheti cha kifo mnacho?