Patasi imegeuka bluu: jiwe jeupe, la kijivu au la kijani?

seremala_wa_jioni

Wakuu, habari za kazi. Naomba mnisaidie kabla sijanunua kitu nisichokijua.

Nina grainda ya mezani yenye mawe mawili ya milimita 150, na mota yake inazunguka mara 2850 kwa dakika. Mawe ni yale yale ya kijivu yaliyokuja nayo: moja chembe 36, jingine 60. Kazi yangu ni ya mbao, jioni nikishatoka kazini. Nina patasi sita alizoniachia marehemu baba, randa mbili, na biti za keekee za HSS, yaani chuma cha kasi.

Jana nilitaka kuondoa pengo kwenye patasi ya milimita 20. Nikaiweka kwenye lile jiwe la 60, nikakandamiza kidogo, na kabla sijahesabu kumi pembe moja ikawa bluu. Nimeumia sana, maana mpini wa patasi hiyo bado una alama ya kiganja cha baba.

Nimeona mawe matatu: jeupe la WA 60 K 5 V, jeupe la WA 120 M 5 V, na la kijani la GC 80. Muuzaji anasema nichukue la kijani kwa kuwa ndilo gumu zaidi. Mimi nilifikiria lile la 120, nikiamini chembe ndogo haitachoma. Nichukue lipi? Na hii patasi ndiyo imekufa?

chuma_mkononi

Pole mkuu. Kabla ya kununua, liangalie jiwe ulilonalo. Likiwa linang'aa au lina madoa meusi, uso umeziba. Lichonge uso kwa kile kijiti chenye almasi nchani, pitisha kidogo kidogo kutoka ukingo hadi ukingo, kisha ujaribu tena. Na usisagie aluminiamu hapo, ndiyo inayoziba kuliko yote.

Kinoo

Pole kwa patasi ya mzee, ndugu yangu. Haijafa. Bluu inaonyesha kwamba chuma kilifika karibu nyuzi 300 za Selsiasi, na joto hilo huondoa ugumu wa chuma cha kaboni. Kilicholegea ni hapo palipobadilika rangi. Saga taratibu hadi upavuke, nyuma yake chuma kiko vile vile kama alivyokiacha. Usiifute rangi kwa msasa ukadhani umemaliza. Rangi iko juu, ulegevu umeingia ndani.

Sasa jiwe. Soma maandishi. WA ni oksidi ya aluminiamu nyeupe, na ndiyo inayofaa vifaa vyako vyote. 60 ni ukubwa wa chembe, namba ikipanda chembe inakuwa ndogo. 5 ni jinsi chembe zilivyoachana, na V ni gundi ya udongo uliochomwa. Iliyobaki ni K, herufi ambayo wengi hawaitazami. Kwako ndiyo yenye uzito kuliko zote.

Herufi hizo huanzia A, laini kabisa, hadi Z. Hazipimi ugumu wa chembe. Zinapima jinsi gundi inavyozishika. Chembe ikishakuwa butu inatakiwa ing'oke, ile kali iliyo chini yake ichukue nafasi. Gundi ikiwa na nguvu mno inaing'ang'ania ile butu, nayo haikati tena, inasugua tu, na huko kusugua ndiko kunakoleta moto. Ndiyo maana chuma kigumu kinataka jiwe laini. Kwa patasi na visu vya randa tafuta kati ya H na K. Mawe yanayokuja na mashine mara nyingi ni magumu zaidi ya hapo.

Nilikuwa na jiwe la kijivu ambalo kwa miaka minne halikupungua hata unene wa ukucha, nami nililipenda kwa sababu hiyo. Uso wake uliteleza kama kigae, na kila kisu cha randa kilitoka na mstari wa kahawia pembeni. Nilipofunga jeupe la J, ndani ya wiki moja meza ikajaa vumbi jeupe, nikaamini nimeuziwa jiwe bovu. Kisha nikakigusa kisu nilichotoka kukisaga. Vuguvugu tu.

Kwa hiyo chukua WA 60 K. Lile la 120 liache, chembe zake zimesongamana na M ni gumu kwa kazi yako, utachoma upesi zaidi. Makali ya kunyolea utayapata kwenye kinoo, wala si kwenye grainda. La kijani ni la kusagia kabaidi, yale meno yaliyobandikwa kwenye misumeno ya duara. Kwenye chuma cha patasi litachakaa bure.

Unaposaga, weka tone la maji juu ya patasi, karibu na makali. Litazame hilo tone, cheche ziache. Likianza kutetemeka au kukauka, toa, chovya, tia tone jingine. Vidole vyako viwe karibu na ncha. Ukishindwa kuishika, patasi nayo haiwezi.

Biti za HSS ni habari nyingine. Zinavumilia nyuzi 500 na zaidi, bluu haiziharibu. Ila usizichovye kwenye maji zikiwa za moto sana, zinapata nyufa ndogo usizoziona.

mkerezaji

Naongeza kidogo. Mimi nakereza bakuli na vifaa vyangu karibu vyote ni HSS, natumia jiwe la CBN, yaani lenye chembe ngumu sana za boroni na nitrojeni. Halichongwi uso, halibadiliki kipenyo, na hukata bila joto kubwa. Lakini ni ghali na chuma laini hulijaza. Kwa patasi sita na randa mbili namuunga mkono Kinoo.

seremala_wa_jioni

Asanteni sana, wakubwa. Nimechukua WA 60 K. Tundu lake ni pana kuliko shafti, limekuja na bushi za plastiki. Zikicheza kidogo naweza kuzungushia utepe?

Kinoo

Hapana, usizungushie. Tafuta bushi inayokaa sawasawa: jiwe liingie kwa mkono bila kusukumwa na bila kucheza.

Kabla ya kulifunga, lipitishe kidole tunduni, lining'inie, uligonge taratibu kwa mpini wa mbao pande zote mbili. Likilia kama kengele ni zima. Likitoa sauti ya kitu kilichofunikwa, lina ufa, lirudishe. Karatasi za duara ziache pande zote mbili chini ya visahani, na nati ikaze kiasi tu. Nati ya upande wa kushoto hufunguka kwa kuizungusha kinyume cha ulivyozoea, usiivunje kwa nguvu. Pale pa kuegemeza kifaa pasogeze hadi pabaki milimita 3 kutoka jiweni. Vaa miwani, washa, kisha simama pembeni dakika nzima kabla ya kusogea mbele yake. Huo uwanja ulio mbele ya jiwe usimruhusu mtu kupita, hata mtoto aliyekuja kukuita.

seremala_wa_jioni

Kengele imelia safi. Bushi nimebadilisha.

Nimeisaga patasi ya baba kwa pembe ya nyuzi 25, tone kwa tone, kwa muda wa karibu saa nzima. Imepungua milimita moja na nusu. Bluu imekwisha na hakuna rangi nyingine iliyotokea. Kwenye kinoo nimeipeleka nyuzi 30, nikaijaribu kwenye kichwa cha ubao: imetoa unyoya mwembamba usiokatika, na pale ilipopita pamebaki pakiteleza.