Rekodi za dawa zinazodhibitiwa Marekani: nani anaruhusiwa kuziona, na kosa linasahihishwa wapi?

Mwanaisha_T

Wakuu, salaam. Naomba ufafanuzi kwa wanaozijua sheria za dawa za Marekani. Mgonjwa anatumia oxycodone, dawa ya maumivu iliyo Jedwali la II, yaani kundi la dawa zinazodhibitiwa vikali. Daktari mpya kafungua mfumo wa jimbo wa kumbukumbu za dawa hizo, kaona dozi kubwa kupita kiasi, akasita kumwandikia. Mgonjwa anameza vidonge viwili tu kwa siku. Aliandika barua kuomba nakala ya rekodi hiyo kwa mujibu wa HIPAA, sheria ya shirikisho ya faragha ya taarifa za afya, idara ya jimbo ikamjibu kwamba sheria hiyo haiihusu. Je, wako sahihi? Nani hasa anaruhusiwa kuiona rekodi hiyo? Na kama ina kosa, nani wa kulirekebisha?

Bakari_Famasi

Dada Mwanaisha, kwa kawaida jibu la namna hiyo ni sahihi, japo linauma. Watu hudhani rekodi ni moja. Dawa ileile inaweza kuwa imeandikwa mahali patatu, na kila mahali pana sheria yake.

Pa kwanza ni famasi na jalada la daktari. Hapo HIPAA ina nguvu: mgonjwa akiomba nakala kwa maandishi lazima ajibiwe ndani ya siku 30. Wakihitaji muda zaidi wanaruhusiwa kuongeza siku 30 mara moja tu, na wamweleze sababu kwa maandishi.

Pa pili ni kanzidata ya jimbo, ile inayofupishwa PDMP. Kila famasi hupeleka huko taarifa za dawa zinazodhibitiwa ilizotoa. Idara inayoitunza kwa kawaida si mtoa tiba wala bima, kwa hiyo HIPAA haiifungi. Inafungwa na sheria ya jimbo lenyewe. Ndiyo maana barua ile iligonga mwamba. Atafute fomu ya jimbo ya mgonjwa kuomba rekodi yake mwenyewe, aambatishe nakala ya kitambulisho. Baadhi ya majimbo yanataka saini ithibitishwe mbele ya mthibitishaji, kwa hiyo asome maelekezo kabla hajasaini.

Pa tatu ni kliniki ya kutibu uraibu. Rekodi zake zina ulinzi mkali zaidi, kanuni za shirikisho ziitwazo 42 CFR Part 2. Methadone, dawa ya kutibu uraibu inayotolewa kwenye kliniki hizo, mara nyingi haionekani kabisa kwenye kanzidata ya jimbo. Tangu 2020 kliniki zinaruhusiwa kuiripoti, lakini kwa ridhaa ya maandishi ya mgonjwa. Buprenorphine, dawa nyingine ya uraibu, ikichukuliwa famasi kwa cheti cha daktari haina kinga hiyo, inaripotiwa kama nyingine. Daktari anayeona kanzidata tupu na kudhani mgonjwa hatumii methadone anaweza kufanya kosa likamuua mgonjwa. Amuulize mgonjwa mwenyewe.

Kuhusu nani anaona: daktari kwa mgonjwa anayemtibu, mfamasia kwa mgonjwa anayemhudumia, na wasaidizi wao waliosajiliwa kwa akaunti zao wenyewe. Leseni peke yake haitoshi, lazima kuwe na sababu ya kitabibu. Kumchungulia mtalaka au jirani ni kosa, na kila utafutaji unaacha alama: jina la aliyeingia, saa, na mgonjwa aliyetafutwa. Ndiyo maana kumwazima muuguzi nywila yako ni hatari. Akitafuta asichopaswa, mfumo unaonyesha ni wewe.

Zuhura_Kaunta

Naongezea kwenye kosa, maana maelezo ya Mwanaisha yananukia siku za dawa zilizoingizwa vibaya.

Mfumo haujui mgonjwa anameza ngapi. Unachukua idadi ya vidonge, unagawa kwa siku ambazo famasi imeandika dawa itatosha. Tuseme vidonge 60 vya oxycodone miligramu 5, kimoja kila saa 12. Hiyo ni siku 30, miligramu 10 kwa siku. Ukizidisha kwa 1.5 ili kulinganisha na morphine, dawa inayotumika kama kipimo, unapata 15. Sasa kidole kikaruka sifuri, ikaandikwa siku 3. Mfumo unasoma vidonge 20 kwa siku, miligramu 100, sawa na 150 za morphine. Mtu yuleyule, chupa ileile, ila kwenye skrini anaonekana yuko hatarini.

Idara ya jimbo kwa kawaida hailiondoi kosa hilo, kwa sababu siyo iliyoliandika. Mgonjwa aende kwenye famasi iliyotoa dawa, ataje tarehe na namba ya cheti, aombe walinganishe cheti cha asili na walichotuma. Famasi hutuma upya rekodi ileile ikiwa na alama 01, yaani marekebisho. Kama dawa haikuchukuliwa kabisa na ikarudishwa rafuni lakini ilishatumwa, alama ni 02, kufuta. Wakituma kwa alama 00 mfumo unaichukulia kama dawa mpya, na kosa linakuwa mawili. Baada ya siku chache daktari atafute tena, asitegemee karatasi aliyoichapa mwanzo.

Kuna kosa jingine ambalo famasi haiwezi kulimaliza: watu wawili wenye jina moja na tarehe moja ya kuzaliwa kuunganishwa kuwa mtu mmoja. Hapo ndipo idara ya jimbo inahusika, kuwatenganisha.

Mwanaisha_T

Ahsanteni sana, mmenifungua macho. Na polisi je? Wanaweza kuingia tu?

Bakari_Famasi

Inategemea jimbo, dada. Mengine yanataka amri ya mahakama au hati ya upekuzi, mengine yanaridhika na uchunguzi uliofunguliwa rasmi. Kwa DEA, wakala wa shirikisho wa kudhibiti dawa, hali ni tofauti. Oregon ilikuwa na sheria ya kudai amri ya mahakama, lakini mwaka 2017 mahakama ya rufaa ya shirikisho ya mzunguko wa tisa ikaamua kwamba hati ya wito ya DEA chini ya sheria ya shirikisho inaishinda sheria hiyo ya jimbo. Mimi naona kinga hapo ni nyembamba mno kwa taarifa nyeti namna hii. Msingi wenyewe ni wa zamani: katika kesi ya Whalen v. Roe, 1977, Mahakama ya Juu ya Marekani iliiruhusu New York kutunza majina ya wanaopewa dawa za Jedwali la II, na moja ya sababu ni kwamba fomu zilifungiwa na kuharibiwa baada ya miaka mitano.

Zuhura_Kaunta

Jambo moja kabla mgonjwa hajarudi kwa daktari. Ripoti ya kanzidata ikichapwa na kuwekwa kwenye jalada la hospitali, pale jimbo linaporuhusu, inakuwa sehemu ya jalada na inafuata HIPAA. Basi kosa likisharekebishwa famasi, aombe kwa maandishi jalada nalo lirekebishwe. Hospitali ina siku 60 za kujibu ombi hilo. Ikikataa, ana haki ya kuandika pingamizi lake likaambatishwa humo, na litumwe pamoja na ukurasa ule kila unapopelekwa kwa daktari mwingine.