Nimepangiwa kazi Ukara na ziwa naliogopa. Ahadi ya Mungu naishikaje?

binti_igoma
Bwana asifiwe wapendwa. Mimi ni muuguzi, barua ya ajira imetoka, kituo changu ni zahanati kisiwani Ukara, Ziwa Victoria. Nyumbani wamechinja kuku. Mimi usingizi hauji.

Nimekulia Igoma, Mwanza, karibu na makaburi ya watu wa MV Bukoba. Meli ilizama 1996 kabla sijazaliwa, lakini kila tarehe 21 Mei niliwaona watu wazima wakija kulia pale, na mtoto akiona hayo kila mwaka hasahau. Halafu 2018, niko sekondari, kivuko cha MV Nyerere kikapinduka kikikaribia Bwisya, hapo hapo Ukara. Watu 228 walikufa. Na njia yangu ndiyo hiyo: meli hadi Nansio kisiwani Ukerewe, gari hadi Bugolora, kisha kivuko.

Nasoma Isaya 43:2, "Upitapo katika maji mengi nitakuwa pamoja nawe", na kwamba mito haitanigharikisha. Lakini waliozama nao waliomba. Mle ndani walikuwamo wenye imani kuliko mimi. Sasa nitaishikaje ahadi hii bila kujidanganya? Tafadhali msiniambie "omba tu". Ninaomba.

kijana_nyegezi
Dada, 2 Timotheo 1:7, Mungu hakutupa roho ya woga. Ikemee hiyo hofu kwa sauti kabla hujapanda. Ziwa halikuwezi kabisa!

mama_wa_mwaloni
Mwanangu, mimi nanunua dagaa Ukara na Ukerewe, nauza sokoni Mwaloni Kirumba. Maji hayo nimeyavuka tangu kifungua mimba wangu yuko mgongoni.

Wewe kijana, andiko lako ni la kweli, ila usimwambie ziwa halimuwezi. Ziwa linaweza watu. Mwenzangu wa kwaya alikwenda nalo, na sitakubali mtu aseme alipungukiwa imani au hakukemea vizuri. Maneno ya namna hiyo yanawaumiza waliobaki.

Binti, wakumbuke wale vijana watatu mbele ya tanuru la Nebukadneza. Walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, na hata kama hatawaokoa, sanamu hawaiabudu. Walisema hivyo kabla hawajajua mwisho wao. Mimi hapo ndipo nilipopata pa kusimama. Naamini aweza kunivusha, na nimevushwa mara nyingi mno. Siku akinichukua humo humo majini, Warumi 8 inasema hata mauti haiwezi kunitenga na upendo wake. Yule mwenzangu hakuachwa peke yake. Bila kuliamini hilo nisingerudi tena kwenye mtumbwi.

Jambo la pili, na hili watumishi wengi hawalihubiri. Soma Matendo 27. Paulo alishaahidiwa na malaika kwamba hatapotea mtu hata mmoja. Pamoja na hayo, mabaharia walipotaka kutoroka na mashua, akawaambia askari wazi kwamba hao wakiondoka hamtaokoka. Akawahimiza watu wote wale chakula, maana walikuwa hawajala kwa siku nyingi. Watu 276, wengine wakaogelea, wengine wakashika mbao, wote wakafika nchi kavu. Ahadi ilikuwapo na mbao zilihitajika. Kwa hiyo vaa jaketi okozi, ulifunge, usilikalie. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kile kivuko cha 2018 kilikuwa cha abiria 101, na kilibeba zaidi ya mara mbili ya hao. Ukiona chombo kimejaa, shuka. Mimi nimeshuka magunia yangu yakiwa tayari ndani, watu wakinicheka, na nilishuka nikimtumaini Mungu vile vile ninavyopanda.

La mwisho: mama wa Ukara akishikwa na uchungu usiku na zahanati haina muuguzi, ni yeye anayepakiwa kwenye mtumbwi gizani. Wewe ukivuka mara moja mchana, wangapi hawatalazimika kuvuka hivyo? Nenda, mwanangu.

mzee_wa_sitaha
Nimefanya kazi melini hadi kustaafu. Waliokuwa na Yesu kwenye dhoruba ya Marko 4 wengine walikuwa wavuvi, wazoefu wa ziwa lile, na waliogopa hadi wakamwamsha: "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Aliwakemea kwa uoga wao, lakini upepo aliutuliza kwanza. Hakungoja wapate ujasiri ndipo awaokoe. Kwa hiyo panda na hofu yako, binti. Ukiingia tu, uliza majaketi yako wapi na mlango uko wapi. Kaa sitaha ya juu.

kijana_nyegezi
Mama, nimekusikia. Pole kwa mwenzako.

binti_igoma
Shikamooni wazazi wangu. Nimesoma mara nyingi, na nimelia kidogo hapo kwa yule mama mwenye uchungu. Hofu bado ipo, ila nimewaandikia waajiri kwamba nitaripoti. Mama, ukivuka safari ijayo naweza kuongozana nawe?

mama_wa_mwaloni
Marahaba mwanangu. Mimi hufuata giza la mwezi, ndipo dagaa wanapopatikana, kwa hiyo tutaondoka wiki ijayo. Nitumie ujumbe wa faragha tupange. Begi liwe moja, na sweta usiisahau, kule juu kuna baridi.