Kesi ya shamba la marehemu baba ina miaka minne barazani, mama anataka achukue milioni sita yaishe. Nishaurini

Binti Mzabibu:
Wakuu, mbukwenyi. Mimi huwa msomaji tu humu, leo yamenifika shingoni.

Baba alifariki Novemba 2015, akaacha ekari mbili za zabibu upande wa Hombolo. Mwaka 2019, serikali imeshahamia Dodoma na bei za ardhi zimepaa, baba mdogo akauza shamba lote kwa mtu wa mjini. Muhuri wa kijiji upo, sahihi ya mama haipo. Baraza la kata likashindwa kutusuluhisha, 2022 mama akafungua kesi baraza la ardhi la wilaya. Tangu hapo ni tarehe tu. Mara mwenyekiti kahamishwa, mara wazee wa baraza muda wao umeisha, mara wakili wa upande wa pili anaumwa (huyu anaumwa sana). Mama anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, makaratasi kayafunga kwenye rambo la zamani lile kabla hayajapigwa marufuku, anakaa kwenye benchi mpaka saa sita, anapewa tarehe nyingine.

Sasa mnunuzi kakata mizabibu na kuanza msingi. Anatupa milioni sita tufute kesi. Mama kachoka. Mimi roho inakataa.

Bonde la Bahi:
Chukueni hela mnunue bodaboda. Kesi za ardhi ni za wenye pesa.

Mjukuu wa Chief:
Pole sana dada. Haki ya mtu haipotei, inachelewa tu. Mungu hasinzii.

Karani Mstaafu:
Mjukuu, Mungu hasinzii lakini jalada linasinzia. Binti, nijibu kitu kimoja: mama alifungua kesi kama nani? Ana barua ya usimamizi wa mirathi?

Binti Mzabibu:
Kama mke wa marehemu. Kikao cha ukoo kilimpitisha, muhtasari upo na sahihi zote.

Karani Mstaafu:
Hapo ndipo nilipokuwa napaogopa. Muhtasari wa ukoo ni pendekezo tu. Mahakama ya mwanzo ndiyo inayomteua msimamizi na kumpa fomu namba 4, ndiyo hiyo barua ya usimamizi. Bila hiyo, hata mkishinda, wakili wao anayeumwa atapona siku hiyo hiyo na kusema mama hakuwa na mamlaka ya kushtaki. Nimeona majalada ya miaka saba yakiishia hapo.

Kufungua upya inawezekana, ila muda wa kudai ardhi ni miaka 12, na kwa shamba la marehemu unahesabiwa tangu siku aliyofariki, si siku lilipouzwa. Yako inaisha Novemba 2027. Kafungueni mirathi wiki hii. Na ombeni zuio la muda, msingi usigeuke nyumba.

Mama Chiku:
Yetu ya Kongwa ilikula miaka tisa. Tulishinda, wakakata rufaa ndani ya zile siku 45, Mahakama Kuu nayo ikatupa ushindi sisi. Mama yangu hakuiona hukumu. Kilichotubeba ni mzee wa mpakani aliyeeleza mbuyu ulikokuwa kabla haujaangushwa. Alitoa ushahidi Machi, Juni tukamzika. Mashahidi wenu wazee watoe ushahidi kwanza.

Karani Mstaafu:
Sawa kabisa. Na hizo milioni sita msizipokee mkononi. Mkikubaliana yaandikwe, yasajiliwe barazani yawe tuzo, yaani amri ya baraza, akikiuka mnaomba itekelezwe kama hukumu. Lakini hata kusaini makubaliano kunamtaka msimamizi.

Bonde la Bahi:
Kumbe. Nafuta kauli ya bodaboda.

Binti Mzabibu:
Nimempigia mama sasa hivi. Kafungua rambo, kanisomea karatasi moja moja, fomu namba 4 haimo. Kakaa kimya, halafu kaniuliza nauli ya kwenda mahakama ya mwanzo na kurudi ni shilingi ngapi. Nakwenda nyumbani Jumapili.