Mdogo wangu ana jeraha la C6 na baridi inamtesa, hivi visibau vya umeme vinamfaa?

dada_mlezi
Habarini wadau, naomba mawazo yenu. Mdogo wangu wa kiume aliumia shingo, jeraha ni C6, yaani uti wa mgongo kwenye pingili ya sita ya shingo, na umekatika kabisa, mikono anainua lakini vidole havishiki, na kuanzia kifuani kwenda chini hana hisia. Kinachotusumbua sasa hivi ni baridi. Sisi wengine tumekaa ndani tumevaa kawaida tu, yeye ukimshika miguu unashtuka, halafu wala hatetemeki, anakuwa kimya na mzito wa kuongea, ndo miguu inaanza kukakamaa na kurukaruka yenyewe. Blanketi nalo likishashuka hawezi kulivuta vizuri. Nimeona mtandaoni kuna visibau na soksi zina nyaya ndani, unachomeka pawabenki zinapata moto, kuna mpaka mto wa kukalia kwenye wilichea. Kuna anayevitumia mwenye hali kama yake? Nianze na kipi, na kama yeye hahisi, mi nitajuaje joto limezidi?

baraka_k
Pole dada kwa kuuguza. Mi ningeanza na soksi kwa kuwa umesema miguu ndo ya baridi zaidi, baba anazo na anazisifia sana, akiona zimemchoma anapunguza tu.

nusu_ya_juu
Kaka Baraka, hapo uliposema "akiona zimemchoma anapunguza" ndo penyewe, huyu hataona. Dada naomba soksi uziache kabisa. Mimi nina jeraha la T4, yaani pingili ya nne ya kifuani, nipo kwenye wilichea, na rafiki yangu mwenye hali kama yangu alivaa soksi za namna hiyo ndani ya viatu siku nzima, jioni anavuliwa kisigino kina lengelenge jeupe kubwa na yeye wala hakuwa na habari. Kile kidonda kilichukua miezi kupona maana damu huku chini kwetu inapita kwa shida. Tena mguu uko ndani ya kiatu, umebanwa, joto halina pa kutokea.

Hizo dalili ulizosema, kunyamaza na kuwa mzito, zichukulie kwa uzito sana. Sisi huku chini hatutetemeki kwa sababu amri ya ubongo haipiti kwenye jeraha, na mishipa ya damu ya chini haipokei amri ya kujibana ili kutunza joto. Kwa hiyo mtu anapoa taratibu na ukimtazama hana dalili yoyote ya mtu mwenye baridi. Nunua themomita kwanza kabla ya hicho kisibau, mpime akiwa mzima ujue ya kwake ya kawaida ni ngapi, wengi wetu wenye jeraha la juu tunakaa chini kidogo ya 37. Ikishuka chini ya 35 hiyo ni hospitali.

nesi_wa_zamu
Naunga mkono, na niongeze kitu ambacho watu wengi wanakikosa kwenye visibau. Mdogo wako ni C6. Maana yake anahisi shingo, mabega juu, upande wa nje wa mikono mpaka kidole gumba. Kifua kuanzia chini kidogo ya mitulinga, mgongo wote, tumbo, hamna hisia. Sasa chukua kisibau cha kawaida uangalie pedi za moto zimekaa wapi, mbili kwa mbele kifuani au tumboni, moja mgongoni, na vingine vina ya kola. Kwa hiyo karibu pedi zote zinalalia ngozi isiyohisi, na ile ya mgongoni ndo mbaya zaidi kwa sababu akiegemea kiti inagandamizwa. Ngozi iliyogandamizwa damu haipiti vizuri, na damu ndo inayobeba joto kulitoa pale, kwa hiyo joto linajikusanya sehemu moja.

Watu wanadhani kuungua ni mpaka kitu kiwe cha moto kabisa. Nyuzi 44 tu zikigusa ngozi kwa saa kama 6 zinaunguza, na kila nyuzi moja inayoongezeka hapo muda unapungua karibu nusu. Nyuzi 44 hata ukishika kwa mkono unaona ni vuguvugu la kupendeza. Ndo maana mto wa kukalia wenye moto mimi siukubali kwa mgonjwa yeyote asiyehisi makalio, hata kama umeandikwa ni salama. Na vile vipakti vya kutikisa vyenye unga wa chuma navyo msitumie, vinaweza kupita nyuzi 60.

Lingine, na hili lishike sana dada, jeraha la T6 kwenda juu, na C6 iko juu ya hapo, kitu chochote kinachoumiza huko chini, hata kuungua asikokuhisi, kinaweza kupandisha presha ghafla. Ataumwa kichwa cha kugonga, uso utakuwa mwekundu au atatoka jasho usoni na shingoni. Hapo muinue akae wima, legeza nguo zote, zima na toa kila chenye moto, angalia mpira wa katheta, ule wa kutolea mkojo, haujakunjika, halafu kagua ngozi. Presha isiposhuka upesi kimbia hospitali.

dada_mlezi
Asanteni sana, nimesoma mara mbilimbili. Kwa hiyo niachane na umeme kabisa au kuna namna? Maana nguo nzito nyingi nazo zinamchosha mikono, hawezi kusukuma kiti.

fundi_saketi
Dada mi ni fundi wa elektroniki, nazungumzia upande wa kifaa. Namna ipo. Tafuta chenye pedi ya kola au mabega yenye swichi yake peke yake, vipo vya vitufe viwili, kimoja cha mbele kimoja cha nyuma na kola, hivyo havifai kwa sababu kola inawaka pamoja na mgongo. Hakikisha kola unaweza kuiwasha yenyewe. Kama hakuna, kuna skafu za umeme za shingoni tu, kwa huyu naona ndo nzuri kuliko kisibau, ikizidi anaihisi na anasema mwenyewe. Tafuta chenye kujizima baada ya muda na chenye kihisi cha joto ndani, vile vya bei ya chini sana mara nyingi ni waya na swichi tu.

Kitufe nacho kiangalie. Vingi unabonyeza na kushikilia sekunde kadhaa mpaka taa iwake, kitufe chenyewe kidogo na kimezama kwenye kitambaa, kwa vidole visivyoshika hapo hamna kitu. Awe anaweza kukizima kwa kukigonga na kifundo cha kidole gumba au ubavu wa mkono, bila kumwita mtu. Zipu weka pete kubwa apitishe kidole avute.

Na msitegemee sana nguvu yake. Pawabenki ya mAh 10,000 ina kama Wh 37, yaani wati 37 kwa saa moja, skafu au kisibau kinachokula wati 10 kinaenda saa 3 na kitu, kwenye baridi pungufu ya hapo. Mwili wa mtu mzima aliyetulia wenyewe unatoa wati kama 80 hadi 100, kwa aliyepooza ni chini ya hapo. Kwa hiyo kuzuia lile joto lake lisitoke kunaleta faida zaidi ya hizo wati 10. Pawabenki ikae kwenye mfuko wa kiti, isiwe mgongoni wala pajani, nayo inapata moto. Na msije mkachomeka kwenye betri ya wilichea ya umeme, ile ni volti 24.

nusu_ya_juu
Kwenye nguo, nyepesi mbili tatu zinazokaa hewa katikati zinashinda koti moja zito, ya ndani iwe sufu au ile ya michezo inayokauka haraka. Katheta ikivuja kidogo nguo ikilowa joto lote linaondoka, kwa hiyo hiyo ikaguliwe kwanza. Miguu mimi navaa soksi za sufu na begi la miguuni lenye manyoya ndani, halina umeme, naingiza miguu mpaka magotini naifunga.

Ila shingo ikipata joto unajisikia umepona kumbe mwili ndani bado umepoa, kwa hiyo themomita isikae mbali. Na mkiingia ndani kwenye joto, zimeni kifaa mara moja, sisi huku chini jasho halitoki, tunapanda juu haraka kama tulivyoshuka.

dada_mlezi
Sawa, basi skafu yenye swichi kubwa na begi la miguu. Na usiku je? Akilala ndo anapoa zaidi.

nesi_wa_zamu
Usiku asilale na chochote kinachowaka. Pasha kitanda kwa blanketi la umeme kabla hajapanda, lizime, litoe kabisa kitandani, pitisha mkono wako kwenye shuka uone hakuna sehemu ya moto, ndo umlaze. Kofia kichwani na blanketi mbili nyepesi juu. Unapomgeuza usiku angalia visigino, makalio na mgongo kwa tochi. Ukiona wekundu ambao ukibonyeza haupotei, usimlaze upande huo tena, na asubuhi mpeleke akaonwe.