Mwandalizi wa safari ya baiskeli Malindi hadi Wundanyi alituacha mlimani, na sasa anataka nimlipe

Jamani, wiki mbili nimejizuia kuandika haya. Jana baada ya isha nimepokea ujumbe kutoka kwa mwandalizi wa safari, ati nimlipe shilingi 22,000 za baiskeli yake iliyoharibika. Mpwa wangu amelala hapa ndani, mkono umefungwa kifuani, mfupa wa mtulinga umevunjika. Mtu huyo hajauliza hata siku moja kijana anaendeleaje. Anaulizia baiskeli. Basi leo nasema yote.

Tulikuwa watu 14. Malindi hadi Wundanyi, kule milima ya Taita, siku nne, shilingi 18,500 kila mmoja. Kwenye tangazo lake aliandika kwamba hela hizo ni za malazi, chakula, fundi wa baiskeli, na gari litakalokuwa nyuma ya mtu wa mwisho. Nyuma ya mtu wa mwisho, ndivyo alivyoandika, na tangazo bado ninalo kwenye simu. Mpwa wangu hana baiskeli ya gia, kwa hivyo nikamkodishia moja ya mwandalizi mwenyewe, 4,000 zaidi. Tukaambiwa zote zimekaguliwa.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri, siwezi kumsingizia. Tulitoka alfajiri, tukapita Gede na msitu wa Arabuko-Sokoke jua halijawaka, tukavuka daraja la Kilifi, na Mavueni tukakata kulia kushika njia ya Kaloleni hadi Mariakani ili tusiingie Mombasa. Njia ile ni nzuri, minazi huku na huku. Lakini ina vilima, na ni kwenye vilima vile vya Kaloleni mpwa wangu aliniambia, "Mjomba, breki hii ya nyuma nzito, naibana hairudi." Jioni nikampeleka kwa huyo fundi. Kumbe fundi ndiye dereva. Alikuwa na pampu, spana moja na viraka. Akabana mkono wa breki baiskeli ikiwa imesimama, akasema, "Iko sawa kijana, utaizoea." Akaenda kula. Hapo ndipo ningesimama kidete nikakataa, na sikusimama, na jambo hilo linaniuma kuliko hizo hela.

Siku ya pili, Mariakani hadi Voi, kama kilomita 120 za barabara kuu ya Nairobi, ndani ya nyika ya Taru. Aliyewahi kupita pale kwa baiskeli anajua. Trela likikupita, upepo wake unakusukuma nje kwanza, halafu unakuvuta ndani, na nyuma yake kuna jingine. Barabara kama hiyo ndiyo inayohitaji gari nyuma yenu likiwa limewasha taa. Gari letu lilikuwa wapi? Lilikuwa mbele, na wale wageni wanne waliolipa zaidi. Sisi wa nyuma maji yalituishia kabla ya Mackinnon Road. Tuliingia pale msikitini, kwenye kaburi la Seyyid Baghali ambapo madereva husimama kuomba dua, na wazee waliokuwepo wakatujazia chupa bila kuuliza sisi ni akina nani. Mwenyezi Mungu awazidishie. Nikampigia mwandalizi. Akaniambia gari limetangulia Maungu kutayarisha chakula.

Siku ya tatu ndiyo mlima. Voi iko karibu mita 600 juu ya bahari, Wundanyi mita 1,400 hivi, na sehemu kubwa ya kupanda huko inakuja baada ya Mwatate, kona juu ya kona. Watu wa pwani tumezoea tambarare. Tulipanda kwa gia ya mwisho kabisa, kisha tukashuka tukasukuma. Magharibi ukungu ukateremka, nguo zimelowa jasho, makoti yetu yote yamo garini na gari limeshafika hotelini. Tuliingia Wundanyi usiku tukitetemeka, watu saba, mmoja wetu mama wa miaka 50 na zaidi. Chakula kilikuwa kimepoa. Hata pole hatukuambiwa.

Siku ya nne, kuteremka. Ndugu zangu, kupanda kunachosha, lakini kinachojeruhi watu ni kuteremka. Breki za rimu zinafanya kazi kwa raba kusugua rimu, yaani duara la chuma la gurudumu. Ukizishikilia bila kuachia kwenye mteremko mrefu, rimu inapata moto, presha ya hewa ndani ya tyubu inapanda, na tyubu inaweza kupasuka. Inatakiwa ubane, uachie, ubane tena, mbele na nyuma kwa zamu, na usimame mara kwa mara zipoe. Mambo hayo mwandalizi ndiye wa kuwafundisha watu wa Malindi kabla hawajaondoka. Mimi nilifundishwa na kijana wa bodaboda wa pale, wakati mpwa wangu ameshaanguka.

Nilikuwa nyuma yake. Nilisikia kwanza harufu ya raba kuungua. Kisha akapiga kelele, "Mjomba, haishiki!" Breki ya nyuma ilikuwa imekufa, akabaki na ya mbele peke yake, na kona inakuja. Alifanya la busara, akaelekeza baiskeli kwenye ukingo wa udongo badala ya bondeni. Nilipomfikia alikuwa amekaa, ameshika bega, hasemi. Nilimwagia rimu ya mbele maji ya chupa yakachemka palepale. Mama mmoja aliyekuwa akipanda na mzigo wa sukuma wiki aliutua, akafungua leso yake akamfunga mkono. Bodaboda ndiyo iliyomfikisha hospitalini. Gari la safari lilikuja saa mbili na nusu baadaye, kwa sababu lilikuwa limewapeleka wale wageni Voi kuwahi basi.

Sasa kuhusu hiyo 22,000. Baiskeli niliiacha kwa fundi wa Mwatate, uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu, umepinda. Nilimwomba afungue breki ya nyuma mbele yangu. Waya ulikuwa umeshikwa na kutu ndani ya kava yake, nyuzi zimekatika moja baada ya nyingine, zimebaki mbili. Ile ni kutu ya chumvi, baiskeli iliyolazwa nje karibu na bahari miezi na miezi. Kwenye barabara zetu za tambarare huwezi kugundua, maana hubani breki kwa nguvu. Mlimani inajionyesha.

Nataka anirudishie 4,000 ya kukodi na gharama za hospitali. Na wale wengine tuliokuwa wote safari hii, tafadhali jitokezeni mseme mliyoyaona, msiniache peke yangu.

Baiskeli yake iko Mwatate, akaichukue. Waya ninao mimi, umo kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati. Aje Malindi auone kwanza kwa macho yake, amwone na kijana, halafu ndipo anitajie tena habari ya 22,000.