Dota 2 mwezi wa pili na bado nafidi (nakufa ovyo, maadui wanafaidika) kila mechi, nyie mlitokaje hapa?

taa_ya_kibatari
Wakuu habari zenu. Nina mwezi wa pili kwenye Dota 2, ile gemu ya kompyuta ya watano kwa watano, nishapiga mechi kama 60 hivi na sioni nikisogea, mechi moja nakufa mara 14, mara 15, wenzangu wananishushia matusi kwenye chati mpaka mkono unatetemeka kwenye mausi. Video nimeangalia nyingi sana, mashujaa (wahusika wa kuchezea) nimejaribu kama 30, juzi nikamchukua Invoker maana kila mtu anamsifia, dakika ya tano hata sijui nabonyeza nini. Gemu naipenda kweli, siku nikishinda usingizi siupati kwa furaha. Mlipokuwa wapya kitu gani kiliwafanya muanze kuelewa?

kobe_wa_kati
Mkuu, mashujaa 30 ndani ya mechi 60, hapo ndipo pa kuanzia. Kila mmoja umemgusa mara mbili ukamwacha. Wapo zaidi ya 120, na Invoker peke yake ana spelli (uwezo wa kichawi) 10 za kuchanganya, hata wenye saa elfu moja vidole vinawachanganya. Muweke pembeni kwa sasa. Chagua wawili tu, mfano Wraith King, huyu akishapata ulti (uwezo wake mkubwa) leveli 6 akiuawa anafufuka hapohapo kwa hiyo kosa lako moja anakubebea, na kama unapenda sapoti (kusaidia wenzako) mchukue Ogre Magi, ana roho ngumu hafi kirahisi. Kaa na hao mechi 30 bila kubadilisha hata ukipigwa. Vidole vikishazoea, macho yanaacha kuhangaika na vitufe yanaanza kuiona ramani, na mimi gemu nilianza kuielewa hapo, kabla ya hapo nilikuwa nabahatisha tu.

Halafu fanya mazoezi ya pigo la mwisho, peke yako na maboti (wachezaji wanaoendeshwa na kompyuta). Askari wadogo wanatoka kila sekunde 30, yaani dakika 10 za kwanza ni mawimbi kama 20 na kila wimbi lina askari wanne, hiyo ni 80 na ushee, na dhahabu anaipata aliyemalizia tu. Mgeni anaambulia 15, 20. Ukifika 40 utashangaa vitu unavyoweza kununua.

mlinzi_wa_mnara
Naunga mkono ila mimi naongelea vifo, maana vilinitesa sana. Punguza video za mapro kwanza, angalia marudio ya mechi ZAKO, zimo humohumo kwenye gemu. Usiangalie mechi nzima utachoka, nenda kwenye kila kifo, rudisha sekunde 20 nyuma, angalia ulisimama wapi na kwenye ramani ndogo maadui wangapi walikuwa wanaonekana. Mimi niliandika kwenye daftari siku tatu mfululizo, karibu vifo vyote vilikuwa kifo kimoja kinajirudia: nimevuka mto peke yangu nafukuzia askari na maadui wote hawaonekani. Nikajiwekea sheria, nisipoona angalau watatu kwenye ramani sivuki. Vifo vikashuka kutoka 13 hadi 7 ndani ya wiki na sikujifunza kitu kingine chochote wiki hiyo. Na macho ya kuwekea ramani (vitu vya kusimika chini ili uone maadui wanaopita) ni bure siku hizi, usiache yamelala dukani eti hiyo kazi ya sapoti.

hesabu_za_usiku
Nyongeza kidogo kuhusu kupoteza. Mfumo unaokupangia wapinzani unatokana na wazo la Arpad Elo, yule wa kwenye chesi, ukishinda namba yako inapanda, ukishindwa inashuka, mpaka ukutane na wa saizi yako. Hata mechi za kawaida zina namba yake iliyofichwa. Kwa hiyo hizo mechi unazopigwa mfumo bado unakutafutia mahali, na kwenye renki (mechi za kupanda daraja) huingii kabla ya saa 100, usiwe na haraka nazo. Kuhusu chati, anayetukana mmyuti kwa neno la kwanza, usimjibu, kumjibu tu umeshakufa.

kobe_wa_kati
Hapo kwenye kumyuti nakubali ila usimyuti kila mtu toka mwanzo wa mechi, kuna anayekuambia "rudi nyuma" na yuko sahihi.

taa_ya_kibatari
Asanteni sana wakuu. Jana nimecheza Wraith King mechi nne, nimeshinda moja, ila vifo 9, 8, 11, 6!! Hiyo ya 6 ndiyo niliyoshinda. Nimeangalia marudio kama alivyosema mlinzi, na kweli, mto. Vifo vinne vilikuwa mto uleule upande wa juu. Sasa swali, nikiwa nasubiri upande wangu askari wanaisha, dhahabu naitoa wapi?

mlinzi_wa_mnara
Msituni kwako, ua viumbe wa kambi ndogo zilizo karibu na mnara, ukimaliza wimbi lingine linakuwa limeshafika. Weka namba ya mechi hapa niione leo usiku.